Kudhamini familia iliyo Kigoma ihamie Kanada: mwongozo kamili

Faili la udhamini likikataliwa, mara nyingi sababu ilizaliwa kabla ya faili lenyewe. Ni mtoto ambaye baba yake hakumtaja alipohojiwa kambini, ni ndoa iliyofungwa kwa simu, ni jina lililoandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu. Fomu zenyewe si ngumu; aliyemaliza kidato cha nne akizisoma kwa utulivu atazijaza. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo yanayotangulia fomu, na yanayofuata unayapita upesi.

Umeandikwa kwa watu wawili: mdhamini aliyeko Kanada, na familia yake iliyo Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Kibondo, Uvinza au kambini Nyarugusu. Usomwe na wote wawili, maana nusu ya kazi iko huku na nusu iko kule.

Hatua ya 1: Jua nani anadhaminika

Kanada inaruhusu udhamini wa mume au mke, mwenzi mlioishi naye kinyumba angalau mwaka 1 mfululizo, na mtoto tegemezi. Mtoto tegemezi ni yule aliye chini ya miaka 22 na hana mume, mke wala mwenzi. Aliyefika miaka 22 anahesabiwa tegemezi ikiwa tu ana ulemavu au maradhi yanayomzuia kujitegemea, na wazazi wamekuwa wakimtunza tangu kabla hajafika umri huo.

Kaka, dada, mpwa na mjukuu wanadhaminika wakiwa yatima wa baba na mama, wako chini ya miaka 18 na hawajaoa wala kuolewa. Hapa wengi wanakwama: baba aliyepotea vitani bila cheti cha kifo hahesabiwi kuwa amekufa, na mtoto huyo hahesabiwi yatima. Mtoto wa marehemu kaka yako ambaye mama yake yu hai Uvinza hadhaminiki kwa mlango huu hata kama wewe ndiye uliyemlea tangu akinyonya. Kulea peke yake si kuasili. Kuasili ni amri ya mahakama chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kwa mtoto anayehama nchi, mamlaka ya jimbo unaloishi Kanada nayo ina sauti. Hilo ni jambo la kumwona wakili kabla ya kufungua faili lolote.

Wazazi na babu na bibi wana mpango wao. Hauko wazi muda wote: watu hualikwa kutoka kwenye orodha ya waliojiandikisha, mdhamini lazima aonyeshe kipato cha kiwango fulani kwa miaka 3 ya kodi mfululizo, na anafungwa na ahadi ya miaka 20. Asiyealikwa hawezi kutuma, hata awe na hela kiasi gani. Shangazi, wajomba, mabinamu na mashemeji hawamo kabisa, ukiacha mlango mwembamba wa mdhamini asiye na ndugu yeyote wa karibu, si wa kumdhamini wala wa kuishi naye Kanada.

Usimwandike mama mdogo kwenye nafasi ya mama kwa kuwa ndiye aliyekulea. Usimwandike mtoto wa baba mkubwa kuwa kaka. Nyumbani ni sawa, na hakuna anayekuuliza. Kwenye fomu ya Kanada ni taarifa ya uongo, na ikigundulika mwombaji anafungiwa miaka 5.

Hatua ya 2: Kagua kile ambacho mdhamini alisema zamani

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua mafaili mengi.

Kanuni ya 117(9)(d) ya uhamiaji wa Kanada inasema hivi kwa lugha nyepesi: ikiwa mtu alipata ukaaji wa kudumu, na wakati huo alikuwa na mke, mume, mwenzi au mtoto ambaye hakumtaja au hakupimwa na maofisa, basi huyo ambaye hakutajwa hawezi kudhaminiwa naye baadaye kama mwanafamilia. Haijalishi alisahau, aliogopa, au aliambiwa na mtu kambini kwamba akitaja watoto wengi safari itachelewa.

Sasa angalia namna mtego huu unavyonasa. Kijana alihojiwa Nyarugusu kama mtu asiye na mke. Akiwa anasubiri safari alianza kuishi na msichana, wakakaa pamoja miezi 14, mimba ikaingia. Akapanda ndege bila kusema, akijua ndoa haijafungwa. Mwaka unaofuata anarudi Kasulu, anafunga ndoa halali, anafungua faili. Ofisa anamuuliza mke: mlianza kuishi pamoja lini? Mke anajibu kweli. Kwa hesabu ya Kanada walikuwa wenzi tayari siku kijana alipotua, na hakumtaja. Mtoto naye, ikiwa alizaliwa kabla baba hajatua, yumo katika tatizo hilo hilo.

Kwa hiyo kwa yeyote ambaye bado yuko kwenye mchakato na hajasafiri: mabadiliko yoyote ya familia, yaani ndoa, mtoto kuzaliwa, mtoto wa nje kujulikana, yaripotiwe kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, na hata kwa ofisa wa mpakani siku ya kutua. Safari inaweza kuahirishwa kwa miezi. Ni afadhali hiyo. Mtoto anayebaki nyuma kwa hiari naye atajwe na apimwe afya, maana kutajwa bila kupimwa hakutoshi.

Aliyekwisha kunaswa asikate tamaa kabla ya kusoma yafuatayo. Kuanzia Septemba 9, 2019 Kanada iliweka utaratibu maalumu wa muda unaowaruhusu waliofika kama wakimbizi au waliopewa hifadhi, na pia waliodhaminiwa na wenzi au wazazi wao, kumdhamini mwanafamilia ambaye hawakumtaja. Una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo imekuwa ikisogezwa. Siku unayotuma hakikisha bado unatumika. Nje ya utaratibu huo kuna ombi la kibinadamu chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya uhamiaji, ambalo linahitaji barua nzito na ushahidi wa maslahi ya mtoto. Kwa vyovyote, sema wazi kwenye barua kwamba hukumtaja na eleza kwa nini. Ofisa anayo fomu yako ya zamani mezani. Ukijifanya hukumbuki unajiongezea kosa la pili.

Dirisha la mwaka 1. Aliyepelekwa Kanada kama mkimbizi, akawataja mke na watoto lakini hawakusafiri pamoja, hahitaji kuwadhamini. Ana haki ya kuwaombea chini ya dirisha la mwaka 1 tangu alipotua. Hakuna ahadi ya kuwatunza wala masharti ya mdhamini, na umri wa mtoto unahesabiwa kuanzia siku mzazi alipoomba kama mkimbizi. Mtoto aliyekuwa na miaka 19 wakati ule bado anaingia hata kama leo ana 24. Ukichelewa siku moja baada ya mwaka, unarudi kwenye udhamini wa kawaida na mtoto huyo anabaki nje. Watu hupoteza haki hii kwa sababu mwezi wa kwanza ni wa baridi, wa pili ni wa kutafuta kazi, na wa kumi na tatu ndio wanaanza kuuliza. Iwe kazi ya wiki ya kwanza.

Hatua ya 3: Mdhamini ajipime

Awe na miaka 18 au zaidi. Akiwa mkaaji wa kudumu lazima aishi Kanada. Raia anaweza kudhamini mke au mtoto akiwa nje ya Kanada, ila aonyeshe kwamba atarudi kuishi nao. Asiwe anapokea msaada wa serikali wa kujikimu, isipokuwa ule wa ulemavu. Asiwe na deni la uhamiaji lililochelewa kulipwa. Hili linawahusu sana waliosafiri kama wakimbizi, kwa kuwa wengi walipewa mkopo wa nauli na vipimo. Ukiruka malipo, udhamini unasimama. Aliyefilisika kisheria na bado hajaachiwa, aliye gerezani, aliyeamriwa kuondoka nchini, na aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya ukatili, hawaruhusiwi. Aliyeletwa Kanada kwa udhamini wa mume au mke hawezi kumdhamini mwenzi mpya mpaka ipite miaka 5 tangu awe mkaaji wa kudumu.

Kwa mume, mke na watoto wadogo hakuna kiwango cha chini cha kipato. Watu wengi hawalijui hili na wanasubiri miaka wakikusanya hela benki. Kiwango kinaingia pale ambapo mtoto unayemdhamini, au mtoto wa mwenzi wako, naye ana mtoto wake.

Ahadi ya kuwatunza ni mkataba. Kwa mume au mke ni miaka 3 tangu atue. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 22 ni miaka 10 au mpaka afike miaka 25, kipi kitangulie. Mkiachana mwezi wa pili, ahadi haivunjiki, na akichukua msaada wa serikali utadaiwa wewe. Anayeishi Quebec ana ahadi ya jimbo lake, na ada za jimbo juu ya hizi za shirikisho.

Hatua ya 4: Ndoa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali, na zote husajiliwa. Kanada inahitaji ndoa iwe halali ilipofungwa na pia iwe halali kwa sheria yake. Hapo kwenye sharti la pili ndipo kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni ndoa ya wakala. Bwana harusi yuko Toronto, walii na mashahidi wako Ujiji, sheikh anasoma hotuba, ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuoza na kukubali, zinapita kwenye simu. Kidini mmeoana. Kwa Kanada, tangu Juni 11, 2015, ndoa ambayo mmoja wenu hakuwepo kwa mwili wake haikubaliki kwenye udhamini, hata BAKWATA ikiwapa cheti. Dawa yake: mdhamini asafiri, mkutane, mfunge ndoa tena mkiwa pamoja. Ukitaka kufunga kiserikali kwa Mkuu wa Wilaya, kumbuka taarifa ya kusudio la ndoa ya siku 21. Anayekuja likizo ya wiki mbili apange mapema, mwenzake awahi kufika ofisini kuuliza kabla tiketi ya ndege haijakatwa.

La pili ni wake wengi. Kanada itapokea mke mmoja. Ndoa ya pili iliyofungwa wakati ya kwanza ipo haitambuliki, hata ukimwacha wa kwanza baadaye. Itabidi talaka ya kwanza ipite mahakamani, kisha umwoe upya huyu wa pili. Watoto hawamo kwenye adhabu hiyo. Watoto wa wake wote ni watoto wako, wote watajwe, na wote wanadhaminika wakitimiza umri na mama zao wakikubali.

La tatu, umri. Mwenzi lazima awe na miaka 18 au zaidi. Ndoa ya msichana wa miaka 16 haikupi udhamini.

Wanaoishi pamoja bila ndoa wanaweza kuomba kama wenzi, ila ushahidi wa mwaka 1 wa kukaa pamoja kijijini ni mgumu: hakuna mkataba wa nyumba wala bili ya umeme yenye majina mawili. Barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kliniki ya mtoto yenye majina ya wazazi wote na karatasi ya usajili wa kambi inayowaweka kaya moja ndizo zenye uzito. Ikiwa hakuna kizuizi kingine, kufunga ndoa halali ni njia fupi zaidi. Lakini rudi kwanza hatua ya 2: kufunga ndoa leo hakufuti swali la mlikuwa nani wa nani siku mdhamini alipotua.

Hatua ya 5: Vyeti na majina

Anza RITA. Cheti cha kuzaliwa kinaombwa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya ambako ndiko aliko msajili wa wilaya, au kwa mfumo wa mtandao wa eRITA. Mtoto wa hospitali ana tangazo la kizazi. Likipotea, au mtu alizaliwa nyumbani miaka mingi iliyopita, tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Kiapo cha mzazi mbele ya hakimu au wakili kinasaidia kujaza pengo, ila kisiwe ndicho karatasi pekee. Ofisa wa Kanada anayeona cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwa mtu wa miaka 20 hatakikataa kwa sababu hiyo tu. Atauliza kuna nini cha zamani kinachokiunga mkono. Kwa hiyo kadi ya kliniki iliyochakaa, yenye uzito wa mtoto ulioandikwa kwa kalamu ya wino na jina la mama juu, ina thamani kuliko mnavyodhani. Msiitupe, na msiandike juu yake kurekebisha herufi.

Majina ndiyo yanayochosha. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu: Asha Juma Rashidi ni binti wa Juma Rashidi Hamisi, na mfumo wa Kanada unaona majina mawili ya ukoo yasiyofanana. Kwa Warundi na Wakongo kila mtoto anaweza kuwa na jina lake kabisa lisilofanana na la baba. Maofisa wa viza wa Kanada walioko Nairobi wanaifahamu hali hii, lakini mfumo hauifahamu. Weka barua ya ukurasa mmoja yenye jedwali: mtu, jina lilivyo kwenye pasipoti, lilivyo kwenye cheti, lilivyo kwenye karatasi za kambi, na sababu ya tofauti. Kwenye fomu, jina la ukoo ni lile lililo kwenye sehemu ya jina la ukoo ya pasipoti, usibuni.

Tofauti ya herufi, Hamisi na Hamis, inamalizwa kwa kiapo. Jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana, rekebisheni kwenye cheti cha huku kabla ya kutuma, isipokuwa pale ambapo ya kweli ndiyo ya huku na iliyokosewa ni ile mdhamini aliyoisema kambini. Wengi waliandikiwa Januari 1 kwa kuwa hakuna aliyejua siku. Hapo eleza, usibadilishe cheti cha kweli kifanane na kosa.

NIDA na pasipoti vinafuata. Pasipoti ya Tanzania ada yake ni shilingi 150,000, na Uhamiaji wataomba cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti au kiapo cha kuzaliwa kwa mzazi, kitambulisho cha NIDA na sababu ya safari. Kigoma ni mkoa wa mpakani, hojaji ya uraia huwa ndefu. Anza miezi mingi kabla.

Na hili liseme wazi: mkimbizi asitafute pasipoti ya Tanzania kwa njia za vichochoroni. Faili la kambi linasema yeye ni Mkongo, pasipoti inasema ni Mtanzania, na Kanada inayo picha na kumbukumbu za familia yake. Asiyeweza kupata pasipoti ya nchi yake aambatanishe karatasi ya usajili wa kambi, vitambulisho vyovyote vya zamani na barua ya maelezo. Hilo linaeleweka. Pasipoti ya kununua haieleweki.

Kila karatasi ya Kiswahili, Kirundi au lugha nyingine iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Asiyekuwa mfasiri aliyethibitishwa Kanada lazima aape kiapo cha usahihi wa tafsiri yake. Ndugu yenu hawezi kuwa mfasiri, hata akiwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Wala mtu anayewawakilisha kwenye faili.

Hatua ya 6: Idhini ya mzazi mwingine

Mtoto wa chini ya miaka 18 anayeondoka akimwacha mzazi mmoja nyuma anahitaji fomu IMM 5604, iliyosainiwa na mzazi anayebaki mbele ya wakili au kamishna wa viapo, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama mmeachana vibaya, anzeni mazungumzo haya mapema kupitia wazee, kabla ya kulipa ada. Mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo. Mzazi asiyejulikana alipo anahitaji amri ya mahakama ya malezi, pamoja na maelezo ya namna mlivyomtafuta. Faili la mtoto bila karatasi hii linakaa tu.

Hatua ya 7: Fomu na ada

Fomu ni za bure kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, na maombi ya mume, mke na watoto hutumwa kwa mtandao. Mdhamini anajaza IMM 1344. Mume au mke anajaza pamoja naye IMM 5532 inayohusu uhusiano wao. Mwombaji ana IMM 0008, IMM 5669 ya historia yake, na IMM 5406 ya familia. Orodha ya viambatanisho ni IMM 5533 kwa mwenzi na IMM 5534 kwa mtoto. Ichapisheni, muweke tiki kwa kalamu.

IMM 5669 inataka historia bila pengo hata la mwezi mmoja. Aliyekuwa nyumbani hana kazi aandike hivyo. Aliyelima aandike mkulima, kijiji na wilaya. Kambini ni anwani pia: kanda, kijiji na namba ya nyumba. Kuacha miezi mitatu wazi ndiko kunakorudisha mafaili mengi ya watu waliohamahama.

IMM 5406 inataka wazazi wote, ndugu wote na watoto wote, walio hai na waliokufa, wa ndani na wa nje ya ndoa. Ilinganisheni na alichosema mdhamini alipoomba. Orodha mbili za familia moja zikitofautiana, ofisa anaanza upelelezi.

Ushahidi wa ndoa una kikomo: picha zisizidi 20, na mawasiliano yasizidi kurasa 10. Chagueni. Picha ya mahari yenye wazee wa pande zote mbili inasema mengi kuliko picha kumi za maharusi peke yao ufukweni. Mawasiliano yawe ya vipindi tofauti, miezi sita sita, badala ya kurasa kumi za wiki moja. Risiti za hela alizotuma mdhamini zenye jina la mpokeaji ziwekwe, hata kama ni kidogo.

Ada kwa viwango vilivyoanza Aprili 30, 2024, kwa dola za Kanada, zilikuwa hivi: mume au mke 1,205, yaani udhamini 85, uchambuzi 545 na haki ya ukaaji wa kudumu 575. Mtoto anayeambatana na mama au baba alilipiwa 175. Mtoto anayedhaminiwa peke yake alilipiwa 170. Alama za vidole ni 85 kwa mtu. Viwango hupandishwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo angalia ukurasa wa ada siku ile ile unayolipa. Ukilipa pungufu hata dola 10, faili linarudi.

Kurudishiwa faili kunauma zaidi ya muda. Umri wa mtoto hufungwa siku maombi kamili yanapopokelewa. Kijana wa miaka 21 na miezi 10, faili lake likirudi kwa sababu ya saini moja na kukaa miezi mitatu, hadhaminiki tena. Mwenye mtoto anayekaribia miaka 22 atume mapema na akague mara mbili. Kijana huyo pia asioe wala asiolewe kabla ya kutua, hata kwa mila tu.

Hatua ya 8: Alama za vidole, afya na polisi

Barua ya alama za vidole inatoa siku 30, na inawahusu wenye miaka 14 hadi 79. Kituo cha maombi ya viza ya Kanada kiko Dar es Salaam. Kutoka Kigoma ni safari ya treni, basi au ndege, na nauli ya familia ya watu sita si ya kukopa ghafla. Iwe imetengwa siku faili linapotumwa. Wa Nyarugusu wanahitaji pia kibali cha kutoka kambini, kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Pelekeni ombi la kibali pamoja na nakala ya barua siku hiyo hiyo inapoingia, na muda ukielekea kuisha mdhamini aandike kuomba nyongeza kabla siku 30 hazijatimia.

Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliye kwenye orodha ya Kanada tu, baada ya maelekezo kufika. Matokeo ya hospitali ya Maweni, hata yawe mazuri, hayahesabiki. Mkojo hupimwa kuanzia miaka 5, picha ya kifua kuanzia 11, damu ya kaswende na VVU kuanzia 15. Kifua kikuu kinachoambukiza hakimalizi ndoto, lakini dozi lazima iishe na makohozi yapimwe upya. Mwenye VVU asifiche na asiogope: mke, mume na watoto hawakataliwi kwa gharama za matibabu. Majibu yanadumu miezi 12, na viza kwa kawaida huisha pamoja nayo.

Cheti cha polisi kinahitajika kwa kila nchi uliyoishi miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita ukiwa na miaka 18 na kuendelea. Hapa nchini Jeshi la Polisi huchukua alama za vidole kwanza. Cha nchi unayoishi kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kutuma.

Hatua ya 9: DNA na mahojiano

Vyeti vikiwa dhaifu, ofisa anaweza kutoa nafasi ya kupima DNA kati ya mzazi na mtoto. Msikimbilie kupima kabla hamjaambiwa. Kipimo kinachokubalika ni cha maabara iliyothibitishwa, sampuli ikichukuliwa chini ya usimamizi, na gharama ni ya mdhamini. Kabla ya kukubali, mama na baba wazungumze kwa siri na kwa ukweli. Mtoto ambaye baba anaamini ni wake na kipimo kikasema si wake, huvunja nyumba na faili kwa siku moja. Kama kuna shaka, aandikwe mapema kuwa mtoto wa mke.

Mahojiano si ya kila mtu. Yakija, jibuni mnachokijua. Asiyejua mume anafanya kazi kampuni gani aseme hajui jina, aeleze anachojua: anaingia usiku, anapakia mizigo. Jibu la kukariri linasikika. Mke na mume waliokaririshwa maneno yale yale wanatiliwa shaka kuliko waliotofautiana tarehe ya posa.

Hatua ya 10: Kukataliwa, na viza ikitoka

Mdhamini ana siku 30 za kukata rufaa kwenye chombo cha rufaa cha uhamiaji tangu apokee barua ya kukataliwa. Rufaa hii hailegezi kanuni ya 117(9)(d). Aliyenaswa na kanuni hiyo njia yake ni utaratibu maalumu au ombi la kibinadamu, yaliyoelezwa hatua ya 2.

Viza ikitoka, angalia tarehe ya mwisho kabla ya kuuza mbuzi. Mtoto akizaliwa sasa, msisafiri, andikeni. Sharti la zamani la mke kuishi na mdhamini miaka 2 ili ukaaji wake usifutwe liliondolewa Aprili 2017, kwa hiyo mke anayepigwa huko ana haki ya kuondoka nyumbani humo na ukaaji wake ukabaki.

Kuhusu watu wa kusaidia: anayelipwa kwa kazi hii lazima awe wakili wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chuo chao cha udhibiti, na jina lake linaonekana kwenye orodha ya mtandaoni. Kijana wa steshenari anaweza kuchapa na kuskani, na anastahili hela yake ya kuchapa. Akianza kusema ana mtu Nairobi, chukua karatasi zako uondoke. Ada zote za Kanada hulipwa kwa kadi kwenye tovuti ya serikali, hakuna inayopitia namba ya simu ya mtu. Barua pepe za kweli hutoka anwani zinazoishia na gc.ca au canada.ca. Neno la siri la akaunti libaki kwa mdhamini, na awe anaifungua kila wiki, hata kama ameajiri wakili.